Programu ya Simu Bila Kuandika Msimbo: Historia ya App Inventor

App Inventor ni zana ya bure inayomwezesha mtu kutengeneza programu ya simu bila kuandika hata mstari mmoja wa msimbo. Hufunguliwa kwenye kivinjari cha intaneti. Mtumiaji huburuta vipande vya rangi na kuvipachika kimoja ndani ya kingine, na vipande hivyo ndivyo vinavyoipa simu maagizo. Google iliitangaza Julai 2010, ikaiacha mwishoni mwa 2011, na tangu 2012 iko chini ya Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, MIT. Hata hivyo mawazo yaliyoizaa ni ya zamani kuliko simu ya mkononi yenyewe, na ukiyafuatilia unakutana na vikwazo vinavyohama: kila kimoja kilipoondolewa mbele ya anayeanza, kingine kilichukua nafasi yake.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa lugha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kompyuta ilikuwa mashine ya wanahisabati na wahandisi. Aliyetaka kuipa kazi aliandika maagizo kwa lugha ngumu, akayatoboa kwenye kadi, akazikabidhi kwa wahudumu wa mashine, kisha akasubiri majibu kwa saa nyingi, pengine mpaka kesho yake. Koma moja ikikosekana, kazi nzima ilirudi kama ilivyokwenda. Mei 1, 1964, John Kemeny na Thomas Kurtz wa Chuo cha Dartmouth nchini Marekani waliwasha kwa mara ya kwanza BASIC, lugha iliyokusudiwa wanafunzi wote, hata wasiosomea sayansi. Mfumo wao uliruhusu watu wengi kuitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, kila mtu kwenye mashine yake ya kuchapia, na jibu lilikuja papo hapo. Kukosea na kujaribu tena kukawa jambo la dakika chache badala ya siku nzima.

Mwaka 1967, mjini Cambridge, Massachusetts, Seymour Papert, Wally Feurzeig na Cynthia Solomon walitengeneza Logo, lugha ya kompyuta iliyolenga watoto. Papert alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928, na kabla ya kuhamia MIT alifanya kazi Geneva na Jean Piaget, mwanasaikolojia aliyechunguza namna mtoto anavyojijengea maarifa. Logo ilipata umaarufu kwa kobe wake, ambaye kwanza alikuwa roboti mdogo anayetambaa sakafuni akichora kwa kalamu, baadaye akawa alama ndogo kwenye skrini. Mtoto akiandika FORWARD 100, kobe husonga mbele hatua mia. Akiandika RIGHT 90, hugeuka kulia kwa pembe mraba. Maagizo hayo mawili yakirudiwa mara nne, mraba umekamilika. Mtoto aliyekwama aliweza kuinuka na kuitembea njia ya kobe kwa miguu yake mwenyewe mpaka aone wapi alimgeuza vibaya. Kosa halikuwa alama nyekundu daftarini. Lilikuwa kitu cha kuchunguza na kurekebisha. Papert aliieleza falsafa hiyo katika kitabu chake Mindstorms, kilichotoka 1980.

Miongoni mwa waliofanya kazi na Papert pale MIT alikuwa Harold Abelson, maarufu kwa jina la Hal. Aliongoza kazi ya kuiingiza Logo kwenye kompyuta za Apple II, na mwaka 1985 yeye na Gerald Jay Sussman walitoa kitabu cha Structure and Interpretation of Computer Programs, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa msingi wa somo la kwanza la kompyuta pale MIT. Kitabu hicho hufundisha kwa lugha iitwayo Scheme. Jina hilo litarudi baadaye, mahali ambapo wanafunzi wachache hudhani lipo.

Logo ilibaki na udhaifu mmoja: iliandikwa kwa herufi. Aliyeandika FORWAD alikataliwa sawasawa na aliyeandika upuuzi mtupu. Dawa ya tatizo hilo ilitoka hapohapo MIT. Mwaka 2007 kundi la Mitchel Resnick lilitoa Scratch, ambamo kila agizo ni kipande chenye umbo lake, na vipande visivyopatana haviwezi kushikana. Kwa mpigo huo kosa la tahajia likafa. Kosa la fikra, yaani kupanga mambo kwa utaratibu usio sahihi, likabaki, na hilo ndilo linalostahili kumhangaisha anayejifunza. Chimbuko lingine la App Inventor halitajwi sana, pengine kwa sababu lilikuwa bidhaa ya biashara: Visual Basic ya Microsoft, ya mwaka 1991. Humo mtengenezaji alichukua kitufe, akakiweka kwenye dirisha tupu panapomfaa, kisha akaandika kitakachotokea kitufe hicho kikibofywa. App Inventor ni ndoa ya njia hizo mbili. Skrini hupangwa kama katika Visual Basic, na maagizo huunganishwa kama katika Scratch.

Simu zilikuja na matatizo yake. Kabla ya simu janja za leo, programu nyingi za simu ziliandikwa kwa Java ME au kwa mfumo wa Symbian, na programu iliyokubali kwenye Nokia ya aina moja iligoma kwenye ya aina nyingine kwa sababu tu ya ukubwa wa skrini au mpangilio wa vitufe. Apple ilizindua iPhone mwaka 2007, ikafungua duka lake la programu Julai 10, 2008, likiwa na programu takriban 500. Oktoba mwaka huohuo simu ya kwanza ya Android, T-Mobile G1, ikaanza kuuzwa Marekani. Android ilimruhusu yeyote kuitengenezea programu, lakini ruhusa ni jambo moja na uwezo ni jingine. Ili picha moja tu itoe sauti inapoguswa, anayeanza alipaswa kusakinisha Eclipse na zana za Android, kujifunza Java, kuandika faili ya XML ya kupanga skrini, nyingine ya kuorodhesha ruhusa, na kuelewa hatua ambazo programu hupitia tangu inapofunguliwa hadi inapofungwa. Wengi waliishia kwenye kusakinisha.

Afrika Mashariki ya miaka hiyo haikuwa imelala, ila ilitengeneza programu za aina tofauti. M-Pesa, iliyozinduliwa na Safaricom Machi 2007, ilikaa ndani ya laini ya simu na kutumia meseji, hivyo hata kitochi kiliweza kutuma pesa. iCow ya Su Kahumbu, iliyoshinda shindano la Apps4Africa mwaka 2010, ilimkumbusha mfugaji wa Kenya siku za ng'ombe wake kupandwa na kuzaa, nayo ilimfikia kwenye simu ya kawaida. Haikuwa na picha wala skrini ya kugusa. Mtu akiwa na salio, alikuwa na huduma.

Salio lenyewe lilikuwa suala zito kuliko msimbo, na kisa kimoja cha Kilifi kinalionyesha vizuri. Katikati ya muongo wa 2000 Nathan Eagle, mtafiti kutoka MIT, alikuwa akiishi pwani ya Kenya na kufundisha utengenezaji wa programu za simu katika Chuo Kikuu cha Nairobi kupitia mradi ulioitwa EPROM. Hospitali ya Kilifi ilikuwa na tabu ya kujua akiba ya damu katika hospitali ndogo za mkoa. Ukatengenezwa mfumo mwepesi: muuguzi anatuma meseji yenye idadi ya chupa za damu zilizopo, na takwimu inaonekana kwenye kompyuta ya makao. Mfumo ulifanya kazi barabara, kisha meseji zikaanza kupungua. Hapakuwa na hitilafu yoyote ya kiufundi. Kila meseji ilimgharimu muuguzi pesa yake mwenyewe, na mshahara wake haukuwa wa kuchezea. Meseji zilirudi pale mfumo ulipoanza kumrudishia kila aliyetuma salio lililozidi kidogo gharama yake. Eagle alilichukua wazo hilo la kulipa kwa salio na kulifanya biashara, kampuni ya txteagle, mwaka 2009.

Mwaka huohuo Abelson alikuwa Google kwa likizo ya utafiti, akishirikiana na mhandisi Mark Friedman. Swali lao lilitoka moja kwa moja kwa Papert. Ikiwa kompyuta iliyo karibu zaidi na kijana sasa ni simu iliyoko mfukoni mwake, kwa nini aishie kuitumia tu asiweze kuitengenezea kitu? Toleo la majaribio lilipelekwa katika vyuo vikuu kadhaa vya Marekani. Katika Chuo Kikuu cha San Francisco, Profesa David Wolber alilitumia kufundishia darasa la wanafunzi wasiosomea kompyuta. Mmoja wao, aliyekuwa akisomea Kiingereza, alitengeneza programu ya kumjibia dereva meseji zake: meseji ikiingia, simu yenyewe inamjibu aliyetuma kwamba mwenye simu anaendesha gari. Ilihitaji vipande vichache tu. Wazo kama hilo likiandikwa kwa Java lingemdai mwanafunzi huyo muhula mzima, kama angefika mwisho.

Somo la kwanza la App Inventor, ambalo limepitiwa na watu wengi mno duniani, linaitwa HelloPurr. Linahusu paka. Anayeanza hufungua ukurasa wa kusanifu, ambako huona mchoro wa skrini ya simu ikiwa tupu. Kutoka upande wa kushoto huburuta kitufe na kukiweka juu ya skrini hiyo, kisha hupakia picha ya paka na kuifanya sura ya kitufe. Huongeza lebo yenye maneno ya kumwomba mtumiaji ampapase paka. Halafu huburuta sauti, nayo haionekani kwenye skrini bali hukaa chini ya mchoro wa simu, kwa kuwa sauti haina sura. Hapo huhamia ukurasa wa vipande. Huchukua kipande cha manjano iliyokolea chenye maana ya "kitufe kikibofywa, fanya", ambacho kina nafasi wazi katikati kama mdomo, na ndani yake huingiza kipande cha zambarau cha kuicheza sauti. Kazi imekwisha. Picha ikiguswa, paka analia. Mwenye hamu huongeza kipande cha kuitetemesha simu kwa nusu sekunde, au humfanya paka alie simu inapotikiswa.

Paka huyo ni mchezo, lakini ndani yake mna jambo ambalo vitabu vya zamani vya kompyuta vililichelewesha mpaka sura za mwisho. Programu za mwanzo zilifundishwa kama orodha ya maagizo yanayotekelezwa kuanzia juu hadi chini. Simu haiendi hivyo. Husubiri tukio: kidole kimegusa, meseji imeingia, mahali pamebadilika, saa imefika. App Inventor ilianzia hapohapo, kwa kumfundisha anayeanza kuuliza "ikitokea hivi, iweje?" kabla ya kumfundisha jambo lingine lolote. Wahandisi wengine waliidharau wakiiona kitu cha kuchezea. Dharau hiyo ilikosa kuona kwamba mpangilio huu wa matukio ndio uleule unaotumika katika programu za kampuni kubwa.

Chini ya rangi hizo ndiko ilikojificha ile Scheme ya Abelson. Mtu anapoomba programu yake ikamilishwe, vipande hutafsiriwa kuwa maandishi ya aina ya Scheme, na maandishi hayo hupitia chombo kiitwacho Kawa mpaka yawe kitu ambacho Android inakielewa. Mwishoni hutoka faili moja ya APK, sawa na ya programu nyingine yoyote. Kijana aliyemliza paka wake ameandika lugha ya kitabu maarufu cha MIT bila kuiona.

Zana ilitangazwa rasmi Julai 12, 2010, na Desemba ikafunguliwa kwa watu wote. Haikuchukua muda. Katikati ya 2011 Google ilianza kufunga miradi yake mingi ya majaribio, na Agosti ikatangaza kwamba App Inventor nayo ingefungwa Desemba 31. Walimu waliokuwa wamekwisha kupanga masomo ya mwaka juu yake walilalamika, na watumiaji wakaambiwa wapakue miradi yao kabla ya siku hiyo. Kilichoinusuru ni kwamba Google iliachia msimbo wake hadharani na kuchangia fedha za kuanzisha kituo cha mafunzo ya simu pale MIT. Machi 2012 seva za MIT zikawaka.

Toleo la Google lilikuwa na kero iliyosahaulika sasa: ukurasa wa vipande haukuwa ndani ya kivinjari bali ulikuwa programu ya Java iliyopakuliwa kila mara, na kwenye kompyuta dhaifu za maabara za shule mara nyingi iligoma kufunguka. Desemba 2013 MIT ilitoa App Inventor 2, ambamo kila kitu kilihamia kwenye kivinjari. Muhimu zaidi kwa nchi maskini, chini ya MIT simu ikaweza kuunganishwa bila waya. Mwanafunzi husakinisha programu ya msaidizi kwenye simu, huandika msimbo wa herufi sita au kupiga picha mraba wa QR ulioko kwenye skrini ya kompyuta, na kuanzia hapo kila kipande anachokisogeza kwenye kompyuta hubadilisha kitu kwenye simu papo hapo. Ilikuwa BASIC ya Dartmouth upya, safari hii mkononi. Asiye na simu ya Android alitumia simu ya kuigiza ndani ya kompyuta, iliyojulikana kwa uzito wake. Simu za iPhone zilisubiri mpaka 2021.

Kwa Afrika Mashariki zana hii ilifika wakati mwafaka, ingawa si kwa mpango wa mtu. Kebo ya Seacom ilianza kazi Mombasa na Dar es Salaam Julai 2009 na kuanza kuiondoa kanda katika intaneti ghali ya setilaiti. Bila hiyo, zana inayoishi ndani ya kivinjari isingekuwa na maana. Machi 2010 iHub ilifunguliwa Nairobi, na mwaka huohuo AkiraChix ikaanza kufundisha wasichana kompyuta. Mapema 2011 Safaricom ikaingiza sokoni Huawei Ideos, simu ya Android ya takriban shilingi 8,000 za Kenya, ilhali nyingine za aina hiyo zilikuwa za wenye nazo. Muda si mrefu simu za Tecno na Itel zikajaza maduka kuanzia Kariakoo, Dar es Salaam, hadi River Road, Nairobi. Dar es Salaam, Apps and Girls ilianzishwa 2013 ikifundisha wasichana wa sekondari kupitia vilabu vya shuleni.

Mlango mwingine ulikuwa Technovation, shindano la kimataifa la wasichana ambalo washiriki wake wengi wametumia App Inventor. Mwaka 2017 wasichana watano wa Shule ya Wasichana ya Kisumu walifika fainali zake California na i-Cut, programu ya kupambana na ukeketaji. Msichana aliye hatarini, au aliyekwisha kukeketwa, aligusa kitufe cha kuomba kuokolewa, cha kutoa taarifa au cha kupata maelezo, na programu ikamuunganisha na vituo vya uokoaji na vyombo vya sheria. Kundi hilo, lililojiita The Restorers, liliingia mwaka 2019 katika orodha ya mwisho ya Tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya. Tuzo ilikwenda kwa Ilham Tohti, msomi wa Kiuyghur.

Mafanikio ya aina hii huficha mipaka ya zana. Vipande ishirini husomeka kwa kutupa jicho mara moja. Vipande mia tano hugeuka msitu, na kulitafuta kosa moja ndani yake ni kazi kuliko kwenye maandishi. Ndiyo maana wengi huipita baada ya mwaka mmoja au miwili na kwenda Java, Kotlin au Flutter. Wengine walitaka zana ileile iboreshwe. Thunkable ilianzishwa na watu waliotoka katika mradi wa MIT wenyewe, na Kodular ikajengwa juu ya msimbo uleule ikiongeza njia ya kuweka matangazo, kwa hiyo ikapendwa na vijana wanaotafuta kipato.

Lugha ilipokwisha kuwa nyepesi, kikwazo kilihamia kwenye kuichapisha programu. Akaunti ya mtengenezaji katika Play Store, duka la Google, hugharimu dola 25 mara moja, na kwa Apple ni dola 99 kila mwaka, zikilipwa kwa kadi ya benki ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu hana. Mwaka 2018 Google ilitangaza kuzibana programu zinazoomba ruhusa ya kusoma au kutuma meseji, ili kuwalinda watumiaji dhidi ya matapeli. Ilikuwa na sababu, lakini hatua hiyo iliifungia dukani programu ya aina ileile ya mwanafunzi wa San Francisco. Mwishoni mwa 2023 ikaja kanuni nyingine: akaunti mpya ya mtu binafsi lazima kwanza ipate watu ishirini wa kuijaribu programu kwa siku 14 mfululizo, idadi iliyopunguzwa baadaye kuwa 12. Watu wengi wa kanda hii wameizunguka hatua hiyo ya kuchapisha dukani kwa njia waliyoizoea. Faili ya APK hurushwa kwa Bluetooth, kwa Xender au kwenye kundi la WhatsApp, mpokeaji anaruhusu vyanzo visivyojulikana kwenye mipangilio ya simu yake, na programu inafunguka bila kupitia duka lolote. Wezi nao wanaijua njia hiyo, ndiyo sababu simu huonya kwanza.

Hatua ya karibuni imeirudisha safari ilikoanzia, kwenye maneno. Kundi la App Inventor pale MIT limetengeneza Aptly, ambamo anayeanza huandika kwa lugha ya kawaida programu anayoitaka, na akili unde humtengenezea. Kinachotoka si APK iliyofungwa. Aptly hutoa mradi wa App Inventor wenye skrini yake na vipande vyake, na mwanafunzi anaweza kuufungua, kukichomoa kipande kimoja na kutazama nini kimeharibika.